Mashine ya Mbao Kwenye Ghala Namba Mbili

Ghala namba mbili lilipakwa rangi nyeupe ndani na nje, likawekewa taa za kisasa, na juu ya mlango wakaandika UKUMBI WA MAONYESHO. Lakini ghala ni lile lile. Mama Spana alilijua tangu lilipokuwa linajaa marobota ya pamba mpaka darini. Aliijua pia siku lilipofagiliwa, mashine za chuma zilipokatwa kwa moto na kurushwa kwenye malori, zikauzwa kwa kilo. Kwa kilo! Mashine mia mbili na arobaini za kusokota uzi, zilizolisha familia elfu moja na mia nane, zilipimwa kwenye mizani kama viazi. Waliouza hawakuulizwa na mtu. Walionunua hawakuonekana sura. Na sasa, miaka ishirini na sita baadaye, wakubwa walewale, au watoto wao, wameona vyema kuleta mashine za mbao zilizochongwa kufuata michoro ya mvumbuzi mmoja wa Ulaya aliyekufa miaka mia tano iliyopita. Wamezipanga palepale, kila moja na taa yake, na kamba nyekundu kuzizunguka.

"Za chuma zilizokuwa zinafanya kazi walizitupa," alisema Mama Spana, akimsaidia mzee kutoka kwenye teksi. "Za mbao ndizo wamezinunulia taa."

"Umeanza," alisema mzee.

"Sijaanza. Nikianza utajua, na mtaa mzima utajua."

"Angalia tu nisijigonge kichwa."

Mzee huyu aliitwa Penseli. Jina alipewa kiwandani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila penseli nyuma ya sikio, hata mazishini. Alikuwa mchoraji mkuu wa ofisi ya michoro, chumba cha vioo kilichokuwa juu ya karakana, ambako kila kipuri kilichorwa kabla ya kuchongwa. Sasa ana miaka themanini na minne, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na macho yamekwisha. Mwanga anautofautisha na kivuli, basi. Vitu vingine vyote anavisoma kwa vidole.

Na hicho ndicho kilichowaleta. Ndani ya ghala kulikuwa na mashine moja ambayo Penseli aliijua kwa mchoro tu, kwa miaka zaidi ya hamsini, na hakuwahi kuiona ikizunguka. Macho yalikuwa yamemkimbia, lakini mikono anayo. Aliomba jambo moja: aiwekee mkono ikiwa inakwenda. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Saa kumi wapakiaji wangekuja na masanduku, na mashine zote zingehamia mji mwingine, na mwingine, na Penseli si mtu wa kuambiwa asubiri zamu ijayo.

Mama Spana aliapa kwamba ataigusa. Aliapa kwa sababu anadaiwa, na deni lenyewe si la fedha.

Yeye aliingia kiwandani akiwa mpaka mafuta. Kazi ya mpaka mafuta ni kupita kati ya mashine na kopo lenye mdomo mrefu, tone hapa, tone pale, zamu nzima, bila maswali. Yeye akauliza. Alimsimamisha mchoraji mkuu katikati ya karakana, akanyooshea kidole mchoro uliokuwa mkononi mwa mchoraji huyo, akamuuliza ile mistari yenye vidoti ni ya nini. Wengine wangecheka. Penseli alimwambia, "Saa ya chakula panda juu."

Akapanda. Wakapanda na wengine, wakafika kumi na mmoja, wapaka mafuta na wafagiaji, wamesimama kuizunguka meza ya michoro huku wanatafuna, wakijifunza kwamba mstari wa vidoti ni kitu kilichofichwa nyuma ya kingine. Somo la kwanza lilikuwa ukurasa uliochanika kutoka kwenye kitabu: mashine ya kusokota uzi, ya mbao tupu, iliyochorwa na mvumbuzi huyohuyo. Ina mkono mmoja wa kuzungushia, na magurudumu ambayo meno yake ni vigingi. Gurudumu moja lilikuwa na meno nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa na upara.

"Kwa nini nusu?" Penseli aliwauliza, akawaacha nalo.

Mama Spana alitembea na swali hilo siku tatu. Siku ya nne alipanda ngazi mbio, mikono imejaa grisi, akapiga kelele mlangoni: "Linasukuma kwenda, likiishiwa meno linaachia, halafu linashikwa upande wa pili na kurudishwa! Bobini inakwenda na kurudi! Uzi haurundikani mahali pamoja!"

Penseli alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanamke huyu amesimama kwenye majukwaa mangapi tangu siku ile, hakuna aliyehesabu. Amekuwa fundi mitambo wa kwanza mwanamke katika kiwanda kile. Amesoma sheria za kazi peke yake, kifungu kwa kifungu, kwa kidole, kama alivyofundishwa kusoma mchoro. Yote yalianzia kwenye lile gurudumu lenye upara.

Na malipo ya Penseli? Mkurugenzi alipogundua kinachoendelea juu saa ya chakula, alisema maneno ambayo Mama Spana anaweza kuyarudia mpaka leo na kikohozi chake katikati: "Mpaka mafuta akijua kusoma mchoro, nani atapaka mafuta?" Penseli akatolewa ofisi ya vioo, akapelekwa stoo kuhesabu bobini. Miaka tisa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Mwaka mmoja tu baada ya Penseli kupelekwa stoo, Mama Spana aliongoza mgomo wenye madai manne, na la nne lilikuwa Penseli arudishwe kwenye meza yake. Matatu yalikubaliwa. La nne lilikataliwa.

Kudai alijua, hata usingizini angedai. Kushukuru ndiko kulikomshinda. Kila alipomtembelea mzee na kutaka kusema lile neno dogo, hasira ilitangulia mlangoni: angeanza na mkurugenzi, akamalizia na mizani ya vyuma chakavu, na neno likabaki kooni.

Walipofika mlangoni pa ghala, Mama Spana alisimama ghafla hata mzee akamkanyaga kisigino.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Kuna mtu."

Mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kubwa kuliko kichwa chake, aliinuka. Mgomo ule ulidumu siku kumi na moja. Mtu huyu alirudi kazini siku ya tatu, kwa mlango wa nyuma, na Mama Spana akambandika jina ambalo lilishika kuliko lile alilopewa na mama yake: Siku-ya-Tatu. Miaka thelathini na minne hajamsalimia. Amepishana naye sokoni, amekaa naye safu moja msibani, na salamu hakutoa.

"Karibuni," alisema mlinzi, kisha akawatambua, na uso ukamporomoka. "Mama Spana."

"Kumbe bado uko milangoni. Hongera, siku hizi unatumia wa mbele."

Siku-ya-Tatu alimgeukia mzee, akavua kofia ingawa asingeonekana. "Mwalimu. Ni mimi. Nilikuwa nasimama karibu na dirisha."

Penseli aliinamisha sikio. "Wewe ndiye uliyekuwa unachora miduara kama mayai."

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Umejifunza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi angalau husemi uongo. Nipe mkono."

Wakaingia watatu, Mama Spana amenuna, mzee katikati. Walipita mabawa makubwa ya kitambaa na fito, yaliyoning'inia kama popo. Walipita daraja la kukunja, na parafujo ya kupandisha maji. Penseli hakuuliza habari zake. Alikuwa anahesabu hatua kama mtu anayerudi nyumbani kwake gizani.

"Hii hapa," alisema Siku-ya-Tatu.

Ilikuwa ndogo kuliko Mama Spana alivyoitazamia, kimo cha meza, mbao zake rangi ya asali. Aliiona mara moja: mkono wa kuzungushia, vigingi, na pale ndani, gurudumu lenye meno nusu. Kisha akaona kikaratasi kilichobandikwa kwenye kamba: HAIZUNGUSHWI KWA SASA.

Msimamizi wa maonyesho alikuja haraka, binti wa miaka kama thelathini, orodha mkononi, viatu vinalia sakafuni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilimvuruga Mama Spana, kwani alikuwa amejiandaa kukatizwa.

"Mzee anaruhusiwa kugusa," alisema msimamizi. "Wasioona tunawaruhusu. Nitamfungulia kamba ya mashine yoyote. Ila hii imegoma. Wiki mbili sasa."

"Imegoma?" Mama Spana aliweka mikono kiunoni. "Hakuna kinachogoma bila sababu, mwanangu. Mmeyasikiliza madai yake?"

Msimamizi alitabasamu bila kutaka. "Fundi aliyeitengeneza yuko mbali sana. Aguse tu ilivyo, mama. Au ile parafujo, inazunguka vizuri."

"Parafujo niliiona sana kwenye mashine ya mke wangu ya kusaga nyama," alisema Penseli. "Nifungulie hii."

Kamba ikafunguliwa. Mzee akanyoosha mikono, na vidole vyake vikatua juu ya mbao. Alishika mkono wa mashine, akasukuma. Haukusogea. Akasukuma tena, kwa mikono miwili. Mama Spana aliangalia pembeni.

"Hii ni kavu," alisema kwa sauti ya kugombana na mtu. "Inataka mafuta tu. Nileteeni kopo la mafuta, dakika mbili nitaiamsha."

"Usithubutu," alisema Penseli.

Alikuwa amenusa kidole chake. Akakisugua na dole gumba, akanusa tena.

"Nani ameipaka mafuta?"

"Hakuna," alisema msimamizi. "Hatuna hata mafuta humu ndani."

"Binti yangu, mimi nimekaa juu ya mafuta ya mashine miaka thelathini, yananijua nami nayajua. Mbao ikisuguana na mbao haipakwi mafuta. Yanaingia ndani, meno yanavimba, vumbi linanasa, yanageuka ulimbo. Mashine hii imenaswa kama ndege. Nani?"

Msimamizi alimtazama Mama Spana, Mama Spana akatazama ukuta, maana dakika moja iliyopita angefanya hivyohivyo kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi," alisema Siku-ya-Tatu.

Kofia ilikuwa mikononi, anaizungusha. "Kila asubuhi kabla hamjafungua. Tone moja kila jino. Nilitoka nayo nyumbani, kwenye kichupa. Niliikuta imekaa kavu, dada, na mimi siwezi. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa: ukipita mashine kavu ni kama umempita mtoto analia. Sikujua ya mbao ni tofauti."

Mama Spana alikuwa na kicheko tayari, cha kumkata mtu vipande. Alikihifadhi miaka thelathini na minne. Akakitafuta, hakukiona. Yeye na mtu huyu walipewa makopo ya mafuta wiki moja, na msimamizi mmoja wa zamu, na maneno yale yale kuhusu mtoto analia.

"Unajua hii inabidi niiandikie ripoti?" alisema msimamizi polepole.

"Andika, dada. Andika kwamba ni mimi, tena weka na tarehe." Akairudisha kofia kichwani. "Ila kwanza waachie hawa waitengeneze. Huyu ndiye anayejua mashine hii kuliko aliyeichonga. Na huyu mama, mkono wake hakuna spana iliyoukataa. Kesho kutwa mnaifungua huko mnakokwenda. Mtawaonyesha watu mashine iliyokwama? Niandike mimi. Mzee aizungushe."

Msimamizi alitazama saa ya ukutani. Saa nane na robo. Akatazama mikono ya mzee ambayo ilikuwa bado imeshika mbao, haiachii.

"Mpaka saa kumi kasoro," alisema. "Na mimi sitoki hapa."

Kazi ikaanza. Mama Spana alitoa kabari moja baada ya nyingine, kwa kuzigonga na kisigino cha kiatu chake, akawa anamtajia mzee: sasa naondoa ekseli, sasa gurudumu kubwa. Penseli aliketi kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, na kila kipande kikapita mapajani mwake kwanza. Alihesabu meno kwa vidole. Gurudumu lenye upara lilipomfikia alikaa nalo muda mrefu, akilizungusha, nusu yenye meno, nusu laini, nusu yenye meno, na hakuna aliyemharakisha. Hata msimamizi aliweka orodha chini.

Siku-ya-Tatu alikwangua ulimbo katikati ya meno kwa njiti za kiberiti zilizofungwa kitambaa. Kitambaa kilitoka cheusi. Alikwenda kwenye chumba cha wasafishaji akaleta kipande cha sabuni ya kufulia, kikavu kama jiwe, kwa kuwa Penseli alisema sabuni kavu itafaa. Wakaketi sakafuni, yeye na Mama Spana, magoti yanalia, wakisugua sabuni kwenye vigingi, kila mtu gurudumu lake.

"Kwa nini ulirudi?" aliuliza Mama Spana, bila kuinua kichwa.

Mlinzi alijua anaulizwa nini. Hakujifanya hajui. "Uoga."

"Uoga tu?"

"Unataka niongeze nini? Wengine walisema mtoto anaumwa, wengine mwenye nyumba. Mimi mtoto alikuwa mzima. Niliogopa, nikapita nyuma. Ningekuwa na sababu nzuri ningekuletea siku nyingi."

Mama Spana alisugua kigingi mpaka kikang'aa. Kwenye mikutano alikuwa na jibu la kila hoja, akilitoa kama mtu anayechambua dagaa. Hii haikuwa na mahali pa kuishika. Aliona vidole vya mtu huyu, vimepinda kwa baridi yabisi, vinavyofuta mbao kwa upole wa kumwogesha mtoto mchanga, na akakumbuka, hakupenda kukumbuka, kwamba kati ya wale kumi na mmoja wa saa ya chakula huyu ndiye aliyekuwa anabaki nyuma kufagia makombo, ili mkurugenzi asijue watu walikuwa pale.

"Sabuni yako imekwisha," alisema. Akavunja yake, akampa nusu kubwa.

Saa tisa na nusu walianza kuirudisha. Ekseli, kabari, gurudumu kubwa. Mama Spana alishika mkono wa mashine akasukuma: ukaenda robo mzunguko, ukagota. Akasukuma tena, ukagota palepale. Nje lori lilisikika likirudi nyuma, likilia pi, pi, pi.

"Usilazimishe," alisema Penseli. "Rudisha. Sasa peleka pole... hapo. Nimesikia. Kuna kigingi kimesimama juu kuliko wenzake. Hesabu kuanzia kwenye upara."

"Cha nne," alisema Siku-ya-Tatu, shavu limelalia sakafu, anachungulia. "Hakikuingia mpaka mwisho. Ni mimi niliyekirudisha."

"Bila shaka ni wewe," alisema Mama Spana, lakini alisema kama anavyosemwa ndugu. Akakigonga na kiatu, mara mbili.

Wapakiaji wanne waliingia na sanduku la kwanza, wakasimama kuona watu wazima wamelala sakafuni.

"Zungusha wewe," Mama Spana alimwambia mlinzi. "Mimi nitamshika mzee."

Akampeleka Penseli, akachukua mikono yake miwili, mmoja akauweka juu ya gurudumu na mwingine kwenye bobini. Siku-ya-Tatu akazungusha. Mbao zilitoa sauti ndogo, tok, tok, tok, kama mtu anayetembea na viatu vya mbao chumba cha pili, na bobini ikaanza kuzunguka, na huku inazunguka ikasogea, ikasogea, ikafika mwisho, ikasita kidogo kabisa. Kisha ikaanza kurudi.

"Ee," alisema Penseli.

Ikaenda. Ikarudi. Machozi yalimtoka yakapita pembeni mwa pua, wala hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Midomo ilikuwa inahesabu. Mama Spana, aliyesimama nyuma yake, alitafuta ile hasira ambayo siku zote hutangulia, safari hii akakuta mlango uko wazi na hakuna aliyesimama pale.

"Mwalimu," alisema. "Nimetaka kukwambia tangu ulipotolewa juu. Asante. Kila nilichonacho kichwani ulikiweka wewe. Asante sana."

"Subiri kwanza," alisema Penseli. "Usinipoteze hesabu. Inarudi."

Mama Spana aliangua kicheko mpaka msimamizi naye akacheka, na wapakiaji wakacheka bila kujua wanacheka nini. Na kwa vile neno lilikuwa limeshapata njia, la pili lilitoka lenyewe. "Na wewe pia," alimwambia aliyekuwa anazungusha.

"Mimi nini?"

"Asante, nimesema. Usinifanye nirudie."

Siku-ya-Tatu hakuacha kuzungusha. Aliinamisha tu kichwa, kofia ikamfunika macho, na mkono ukaendelea na mwendo ule ule, wala haraka wala pole.

Mkubwa wa wapakiaji alikohoa. "Dada, sisi tuliambiwa saa kumi kamili. Tuanze na hii ndogo?"

Msimamizi alitazama saa ya ukutani, akamtazama mzee ambaye alikuwa bado anahesabu.

"Anzeni na ile yenye mabawa," alisema. "Hii bado iko kazini."